Seva Isiyosubiri Salamu

Annastella Rutaihwa alizaliwa kwa haraka, tena njiani, kabla mama yake hajafika zahanati ya Kamachumu. Hivyo ndivyo mama mwenyewe anavyosimulia, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo, hakuna anayembishia. Tangu siku hiyo binti hakupunguza mwendo. Alitembea mapema, akasema mapema, na alipojua kusoma alianza na vile vikaratasi vinavyokuja na redio na pasi, ambavyo watu wengine wote hufungia chumvi.

Sasa, kuwa na haraka si kosa, lakini Annastella alizaliwa mahali pasipofaa. Kwao mtu akikutana na jirani kwenye kona ya kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, husimama, hutua mzigo, na huanza kuuliza usingizi wa jana kabla hajafika kwenye habari za leo. Baada ya hapo huulizwa watoto, ndizi, mbuzi, mguu uliokuwa unauma na kama bado unauma. Annastella yeye alisalimia kama anayekimbia mvua. Alipokuwa amepanga chumba mjini Bukoba alimpigia mama yake kila siku bila kukosa, na simu ilitunza kumbukumbu zote: sekunde kumi na tisa, sekunde ishirini na moja, na siku ya Krismasi, kwa heshima ya sikukuu, sekunde arobaini.

"Wewe hunisalimii," mama alimwambia siku moja. "Unanihesabu kama kuku, kuona kama bado nipo."

Annastella alicheka na kukata simu, maana zilikuwa zimefika sekunde ishirini na tano.

Kwa mashine lakini haraka yake ilikuwa baraka. Alifanya kazi Kitendaguro, kwenye shirika dogo liitwalo Kibanja Kipya, linalootesha miche safi ya migomba na kuigawa kwa watu ambao mnyauko umewamalizia mashamba. Miche ilikuwa kazi ya mzee Datius Lwakatare, mtunza stoo, ambaye mikono yake haikuwahi kukosa udongo. Kazi ya Annastella ilikuwa seva, yaani ile kompyuta moja iliyofungiwa chumba cha nyuma, inayoendesha programu ya kuandikisha wakulima ili vituo vyote vya wilayani viifikie kwa mtandao. Aliipenda seva ile kwa sababu moja ya wazi: haikuwahi kumuuliza ameamkaje.

Jumamosi moja mchana alikaa kuipandisha toleo jipya, kwa kuwa la zamani watengenezaji walikuwa wametangaza kwamba hawalihudumii tena. Hapa ndipo ungemwona Annastella katika utukufu wake. Watu wengi hupandisha toleo wakaenda zao kunywa chai, wakiamini kwamba mambo yaliyokuwa jana yatakuwa hivyo hivyo leo. Annastella alijua kwamba toleo jipya huja na mipangilio yake ya mwanzo, yale mambo ambayo mtambo huyaamua wenyewe usipouambia vingine, na kwamba wenye programu huyabadilisha kimyakimya na kuyaandika kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Yeye aliufungua. Alichukua daftari lake la jalada la kijani na kuyapitia yote, kalamu sikioni, uso unang'aa kama wa mtu anayesoma barua ya mchumba.

Alikuta picha zenye uzito zimekatazwa, na wakulima hutuma picha za majani yanayougua, basi akaongeza kipimo. Akakuta saa ya mtambo imehamia saa ya mbali huko duniani, akairudisha Afrika Mashariki. Ukurasa wa usimamizi, ambao zamani aliweza kuufungua akiwa popote, sasa ulifunguka kwenye mashine yenyewe tu. Hilo alilipenda, akaliacha.

Kisha akafika kwenye muda wa ukimya. Zamani mtu akiingia kwenye programu na kukaa bila kugusa kitu, mtambo ulimvumilia nusu saa ndipo umtoe nje. Sasa ulimvumilia dakika tano, na badala ya kuhesabiwa kwa dakika ulihesabiwa kwa sekunde: mia tatu. Sababu iliandikwa pia, kwamba kuna watu huacha kompyuta wazi wakaenda zao, na mtu mbaya akapita.

Annastella alijaribu. Aliandikisha kikundi cha uongo, mwakilishi wake akamwita Fulani, kijiji akakiita Pale. Alimaliza kwa sekunde hamsini na mbili. Akaandika kwenye daftari: "Dakika tano zinatosha. Nani anahitaji zaidi?" Akapiga mstari chini yake, mara mbili, na kwenda nyumbani anapiga mluzi.

Jumatatu ilikuwa siku ya Kagoma. Wawakilishi thelathini wa vikundi vya kata ile na majirani zake, wilayani Muleba, walikuwa waandikishwe siku hiyo moja, na saa kumi kamili jioni orodha ingejifunga. Miche ilikuwa elfu sita. Ambayo isingekuwa na mwenyewe kwenye orodha ingepakiwa Jumanne asubuhi na kupelekwa wilaya nyingine iliyokuwa inangoja kwa hamu, na Kagoma wangesubiri msimu mwingine. Annastella aliyajua hayo vizuri, kwa sababu hesabu ya kujifunga aliiweka mwenyewe.

Saa tatu na nusu simu ikalia. Alikuwa Benigna Kamala, karani wa kituo cha Kagoma, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye watu husema hata ng'ombe akipita mlangoni kwake haendi bila kuulizwa hali.

"Anna, mwanangu, umeamkaje? Na Bukoba wameamkaje? Mvua..."

"Salama, Ma Benigna. Tatizo ni nini?"

"Mtambo wako unanifukuza."

"Unakufukuza vipi?"

"Naingia vizuri. Nafungua fomu ya mtu, nageuka kidogo, nikirudi nakuta nimetolewa nje na fomu imefutika. Naambiwa nianze upya, nisubiri ile namba ya kuingilia inayokuja kwa simu. Na wewe unajua mtandao wa hapa, namba inakuja ikijisikia."

Annastella alikuwa tayari anajaribu huku anasikiliza. Aliingia, akaandika, akahifadhi. Mtambo haukumfukuza. Akajaribu tena, na tena, kwa sekunde hamsini, arobaini na nane, arobaini na tano. Kila kitu kilikwenda kama maji.

"Umefanikiwa wangapi mpaka sasa?"

"Wawili. Haruni wa bodaboda, ambaye hakuvua hata kofia ngumu, na yule mwalimu aliyekuwa anawahi kipindi."

Mtu mwingine hapo angeshaelewa. Annastella hakuelewa, kwa sababu Haruni na yule mwalimu machoni pake walikuwa watu wenye adabu ya kutosha kabisa. Alichukua daftari la kijani, akamwachia mzee Datius ufunguo wa chumba cha nyuma, akarukia pikapu ya shirika iliyokuwa inapeleka vikasha vya miche Muleba. Njia nzima alifungua daftari na kulifunga, akimsemesha dereva habari za sekunde na milango ya mtandao, na dereva akiitikia kila baada ya kona kwa kuwa alikuwa mtu mwema.

Walifika Kagoma saa sita kasoro dakika chache. Nje ya kituo mabenchi yalikuwa yamejaa watu waliovaa vizuri, maana kuandikishwa ni shughuli. Walioingia kwenye orodha walikuwa watano. Kwenye benchi la mwisho alikaa bibi mmoja mwembamba amejifunga khanga mbili, fimbo magotini, ametulia kuliko wote.

"Yule ni Ma Kokushubila," Benigna alimnong'oneza. "Ana miaka themanini na moja. Mnyauko ulimwingilia kibanja chote, wakakifyeka mpaka mgomba wa mwisho. Sasa ananunua ndizi dukani. Anna, mama wa Kihaya wa umri ule ananunua ndizi. Anakuja kuzinunua jioni jioni ili asionekane."

Annastella aliingia naye ndani. Alivuta kigoda, akakaa nyuma ya Benigna na kumwambia afanye kama anavyofanya siku zote.

Benigna aliingia kwenye programu. Akaita jina, akaja baba mmoja wa makamo. Benigna akafungua fomu, akaandika jina lake la kwanza ili mgeni ajione ameshapokelewa, kisha akakipa kioo mgongo. Akatoa kikapu kidogo chenye kifuniko, akakifunua, ndani yake mna kahawa za kutafuna. Baba akachukua akamwani tatu, kama punje hizo zinavyoitwa kwao, akashukuru. Benigna akauliza wameamkaje. Baba akasema wameamka, ila mkewe kichwa. Benigna akauliza kichwa kimeanza lini, na kama ni kile cha mwaka jana au ni kipya. Wakatoka kwenye kichwa wakaingia kwenye mtoto anayesoma kisiwani Bumbire kwa mjomba wake, na kama ziwa lilikuwa tulivu alipovuka. Baba naye, kwa kuwa si mtu wa kupokea tu, akauliza yote hayo kwa upande wa Benigna, moja moja, bila kuruka.

Annastella alitazama saa. Alitazama kioo. Dakika ya tano ilipotimia, kioo kilipepesa mara moja kwa upole, fomu ikatoweka, na maneno yakatokea ya kumtaka mtumiaji aingie upya. Benigna hakuona. Alikuwa kwenye mbuzi.

Annastella alifungua daftari la kijani, akakuta mwandiko wake mwenyewe, na mistari yake miwili chini. Nani anahitaji zaidi? Kagoma yote. Alikuwa amekagua kila kitu katika toleo lile isipokuwa namna watu wake wanavyosalimiana, na sababu yake ilikuwa mbaya zaidi: alikagua kwa kujitumia yeye mwenyewe kama kipimo.

Angekuwa mtu mwingine angetubu papo hapo. Annastella yeye alitafuta njia ya mkato.

"Ma Benigna," alisema kwa sauti ya chini, "kwa leo tu, tupunguze salamu. Shikamoo, jina la kikundi, namba ya simu, anayefuata."

Benigna alimtazama kama ameambiwa apokee wageni bila nguo. Lakini alikuwa mtumishi mtiifu, na saa zilikuwa zinakwenda. Ile namba ya kuingilia ilipofika, akaingia, akamwita mzee Ishengoma, mtu mrefu mwenye koti la suti na fulana ya sufu ndani yake.

"Shikamoo mzee. Kikundi chako kinaitwaje?"

Mzee Ishengoma alibaki amesimama. Alivua kofia. Akakaa polepole, akaiweka kofia gotini na kuishika kwa mikono miwili.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nini, mzee?"

"Aliyefariki. Niambie tu, binti yangu. Mimi ni mtu mzima, nimeshazika wengi."

"Hakuna aliyefariki, mzee wangu, waitu," alisema Benigna, kwa lile neno la Kihaya la kubembeleza kwa heshima.

"Benigna, nimekujua tangu unabatizwa. Hujawahi kunifanyia hivi."

Walio mlangoni walisikia neno kufariki, wakalipeleka benchi la kwanza. Benchi la kwanza likalipeleka la pili, na huko likapata mwili: ni ndugu wa Ishengoma, yule wa Mwanza. Benchi la tatu lilikuwa na mama aliyesoma na huyo ndugu, naye akaanza kulia. Watu wawili waliingia ndani kumshika mzee mabega. Mmoja alimwuliza Annastella, kwa kuwa alikuwa mgeni na ana daftari, kama yeye ndiye aliyetumwa kuleta habari.

Iliwachukua dakika ishirini kuwatuliza. Ilibidi huyo ndugu wa Mwanza apigiwe simu, simu iwekwe sauti kubwa, na marehemu aseme mwenyewe kwamba yuko hai, anakula, na kwa nini wanapiga simu saa za kazi. Mama wa benchi la tatu alifuta machozi na kumgombeza kwa kumwogopesha. Mtambo, katika hayo yote, ulikuwa umeshamtoa Benigna nje mara nyingine, na Annastella akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka akashika meza, na Benigna akaambukizwa, na mzee Ishengoma mwenyewe, kofia mkononi, mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi," alisema Annastella akijipangusa macho. "Tunabadilisha mtambo. Salamu zibaki. Ma Benigna, salamu ndefu kuliko zote uliyowahi kupokea kwenye meza hii ilichukua muda gani?"

Benigna alifikiri kwa makini. "Ya Ma Kokushubila, mwaka juzi baada ya Pasaka. Dakika arobaini. Lakini ndani yake mlikuwa na msiba na harusi."

"Tuweke arobaini na tano."

Ndipo alipokumbuka kwamba ukurasa wa usimamizi unafunguka kwenye mashine yenyewe tu, na mashine iko Kitendaguro, na mabadiliko hayo aliyapenda. Pale chumba cha nyuma hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa mzee Datius, ambaye katika maisha yake alikuwa amegusa kompyuta mara moja, kwa kitambaa, akiifuta vumbi.

Akapiga simu.

"Shikamoo mzee Datius, ingia chumba cha..."

"Marahaba binti. Za tangu asubuhi?"

"Mzee, asubuhi si tulionana?"

"Ndiyo nauliza za tangu hapo."

Annastella alifumba macho. Alivuta pumzi. "Nzuri, mzee wangu. Tumefika salama. Njia ilikuwa kavu. Na wewe je, na miche imeamkaje?"

Halafu mzee Datius, ambaye kwa miaka minne alikuwa hajaulizwa swali hilo na binti huyu, alieleza kwa furaha kabisa hali ya miche, safu kwa safu. Alipomaliza alikuwa tayari kumfuata hata ndani ya moto. Alifungua mlango, akakaa mbele ya mashine, akatafuta kila herufi kwa kidole kimoja huku akiitangaza kama mnadani. Kisha mtambo ukamtaka neno la siri.

Mtandao wa Kagoma ukachagua dakika hiyo kukatakata. Annastella alitoka nje, akapanda juu ya jiwe mbele ya mabenchi yote, na kulisema. Mzee Datius hakusikia. Ikabidi apige kelele.

"Sina muda! Andika sina muda! Bila nafasi katikati!"

Watu ishirini na watano waliokuwa wamekaa tangu asubuhi waliinua nyuso na kumtazama.

"Ni neno la siri," aliwaeleza.

"Si la siri tena," alisema mzee Ishengoma, na mabenchi yakapasuka kwa kicheko.

"Nimeingia," mzee Datius alitangaza. "Naona muda wa ukimya. Pameandikwa mia tatu. Niandike nini?"

"Arobaini na tano. Hifadhi, halafu bonyeza pale pameandikwa washa upya."

Seva ikazimika, ikawaka. Benigna akangoja namba ya kuingilia, ikaja, akaingia. Akaita mtu, akafungua fomu, akageuka kushika kikapu cha kahawa. Kabla kifuniko hakijatoka, alikuwa nje.

Annastella alitazama kioo mdomo wazi. Kisha akajipiga paji la uso kwa daftari. Kwa sekunde, si kwa dakika. Aliandika mwenyewe, Jumamosi, kwa mkono wake, na sasa alikuwa ameipa Kagoma yote sekunde arobaini na tano, pungufu hata ya zile hamsini na mbili zake mwenyewe. Tena alicheka, ila safari hii na hofu ndani yake, kwa sababu ilikuwa saa sita na dakika arobaini na tano na orodha bado ilikuwa na watu watano. Alimtazama Ma Kokushubila. Bibi hakuwa amesogea.

"Mzee Datius, andika elfu mbili na mia saba. Mbili, saba, sifuri, sifuri. Tafadhali, waitu."

"Umesema waitu?"

"Nimesema."

"Basi naandika."

Saa saba kamili Benigna aliingia tena. Akaita mtu, akafungua fomu, akakipa kioo mgongo. Annastella alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, na kutazama. Dakika ya tano ikaja ikapita, na ya sita, na ya nane. Wakamaliza watoto, wakamaliza ndizi, wakaagana na mguu. Benigna akageuka, na fomu ilikuwa pale pale ilipoachwa, inangoja kwa adabu. Annastella alitaka kuibusu.

Zilibaki saa tatu kasoro dakika kumi, na watu ishirini na wanne. Aligawa mara moja kichwani, akapata dakika saba na kidogo kwa mtu, salamu zikiwemo. Safari hii hakumwambia Benigna apunguze. Alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: akatoka na kikapu cha pili cha kahawa, akapita kwenye mabenchi, na kuanza salamu huko huko nje, ili mtu akifika mezani awe ameshatua nusu ya mzigo. Mwanzoni alisalimia kwa kuruka ruka, mara anasahau wajukuu, mara anamwuliza mjane habari za mume, na watu wakamsahihisha bila kinyongo. Kufika benchi la pili alikuwa amezoea. Kufika la tatu alikuwa anafurahi, na mwenyewe alishangaa. Alijua sasa nani ana ng'ombe mwenye mimba, na kwamba mama aliyelia asubuhi alikuwa amewahi kuchumbiwa na yule ndugu wa Mwanza, jambo ambalo lilieleza mengi.

Saa tisa na dakika arobaini akabaki mtu mmoja. Benigna aliinuka kwenye kiti, sauti imemkauka kabisa, akamwonyesha Annastella akae yeye.

Ma Kokushubila aliingia na fimbo yake. Annastella alifungua fomu, akaandika jina lake la kwanza, akakipa kioo mgongo. Akapiga magoti kwenye sakafu kama mama yake alivyomfundisha na yeye akajifanya kusahau, akafunua kikapu.

Bibi alichukua akamwani moja, akaitafuna kwa meno aliyokuwa nayo. Akauliza huyu binti ni wa nani. Annastella akasema ni wa Rutaihwa wa Kamachumu. Bibi akauliza Rutaihwa yupi, maana wako wengi. Wakamtafuta, wakampata, wakapanda kwa babu yake wakashukia kwa bibi yake, ambaye Ma Kokushubila alikuwa amewahi kukaa naye benchi moja kanisani. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Annastella aliisikia kwenye nyayo zake, lakini hakuinua macho kuitazama mara ya pili.

"Na kikundi, Ma, wameamkaje?"

"Wameamka, mwanangu. Sisi wajane kumi, na wale wanne."

"Wale wanne?"

"Waliofyekewa juzi. Hawajaandikwa popote. Niliwaambia waje nyumbani, tutagawana zangu."

Kwenye karatasi ya kijiji iliyokuwa mezani, kikundi kile kilikuwa na kaya kumi. Fomu isingeuliza, na mtu mwenye sekunde hamsini na mbili asingejua. Annastella aligeuka kwenye kioo, akaandika kumi na nne. Akauliza majina yote, na bibi akayataja moja moja, kila moja na habari zake kidogo, naye akamwacha amalize. Saa kumi kasoro dakika mbili alibonyeza hifadhi. Orodha ikasoma thelathini. Dakika mbili baadaye ikajifunga yenyewe, kama alivyoipangia.

"Miche inakuja kesho, Ma," alimwambia.

Ma Kokushubila aliikunja pembe ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Nitakuletea ndizi," alisema. "Mwakani. Za kwangu."

Annastella alilia, na hakuona haya. Benigna naye, bila sauti, alilia pembeni.

Pikapu ilikuwa inapakia vikasha vitupu. Alikaa kwenye lile jiwe la neno la siri, akafungua daftari la kijani, akafuta mistari yake miwili, na kuandika chini yake: "Muda wa ukimya: 2700. Usiupunguze kabla hujakaa Kagoma siku nzima." Akaandika pia kwamba neno la siri libadilishwe leo hii, maana sasa linajulikana kata nzima. Kisha akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Umeshindaje?"

"Marahaba. Nimeshinda."

"Na ule mguu wa kushoto? Bado unauma ukipanda kilima? Na kibanja je, ile migomba ya upande wa kisima imeshika? Na mama Aristides wa jirani, alirudi kutoka hospitali?"

"Annastella," mama alisema taratibu. "Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nasalimia tu."

Annastella akaitazama simu kuona kama haijakatika. Ilikuwa imefika dakika moja na sekunde kumi.

"Ngoja," alisema mama. "Ngoja kwanza nivute kiti."